Je, kosa ni la priampu? Utatuzi wa matatizo ya kurekodi nyumbani, dalili kwa dalili

Katika kurekodi muziki nyumbani, hakuna kifaa kinachobebeshwa lawama kama priampu. Rekodi ikiwa na kelele, ni priampu. Sauti ikiwa nyembamba, ni priampu. Ikikosa ule uzito unaosikika kwenye nyimbo za studio kubwa, ushauri wa kwanza kutolewa ni kununua priampu nyingine. Mimi nasema hivi, na pale inapowezekana nitaonyesha kwa hesabu: ukiwa na saundi kadi (kifaa kinachounganisha maiki na kompyuta) ya miaka ya karibuni ambayo si mbovu, priampu ni mshukiwa wa mwisho karibu katika kila tatizo. Zipo hali chache ambazo priampu kweli inaleta tofauti. Nimezitaja kila moja mahali pake, kwa sababu kuzipuuza nako ni kosa.

Kwanza tuelewane kuhusu kazi yake. Maiki hutoa umeme mdogo mno, mara nyingi milivolti moja au mbili tu, wakati vifaa vinavyofuata vinataka kiwango cha laini, ambacho kwa vifaa vya studio ni +4 dBu (dBu ni kipimo cha kiwango cha umeme kwa desibeli), yaani volti 1.23. Priampu ndiyo inayokuza ule umeme mdogo ufike huko. Nobu ya gaini, yaani kiasi cha kukuza, kwenye saundi kadi yako ni ya priampu iliyomo ndani, kwa hiyo kila mwenye saundi kadi yenye tundu la maiki tayari anayo.

Tafuta dalili yako hapa chini. Sababu zimepangwa kuanzia zile zinazotokea sana hadi za nadra. Badilisha kitu kimoja tu kwa wakati mmoja, urekodi, usikilize, ndipo uguse kingine. Kabla ya kuchomeka au kuchomoa maiki, shusha gaini, shusha sauti ya spika na ya hedifoni, na zima umeme wa fantomu, yaani volti 48 ambazo saundi kadi hupeleka kwa maiki zinazouhitaji. Volti 48 zikiingia au kukatika ghafla hutoa kishindo ambacho kinaweza kuumiza masikio na kuharibu spika.

## Kuna kelele ya "shhh" nyuma ya sauti

Hili ndilo lalamiko linaloongoza, na ndilo lenye mengi ya kueleza.

Umbali. Anza hapa kila mara. Ukipunguza kwa nusu umbali kati ya mdomo na maiki, sauti inayofika kwenye maiki hupanda kwa takribani desibeli 6, na kelele ya vifaa inabaki palepale. Mwimbaji aliyesimama sentimita 40 akisogea hadi 20 amepata desibeli 6. Akisogea hadi 10 amepata 12. Zikumbuke namba hizo, tutazihitaji baada ya muda mfupi.

Chumba. Feni ya kompyuta, friji iliyo upande wa pili wa ukuta, kiyoyozi, magari ya mbali: vyote hivi vikipita kwenye maiki husikika kama "shhh" ya umeme. Vaa hedifoni, pandisha gaini, kisha zima kifaa kimoja kimoja huku ukisikiliza. Watu wengi hushangaa kelele ikipungua mara tu kompyuta inaposogezwa mita moja mbali, au maiki inapogeuziwa mgongo kwenye feni.

Kompresa na plagini za kupandisha sauti. Kompresa (inayobana tofauti kati ya sauti kubwa na ndogo) inayopandisha sauti kwa desibeli 10 baada ya kuibana hupandisha na kelele desibeli 10 hizohizo. Zima plagini zote, sikiliza rekodi ikiwa mbichi. Ikiwa ni safi, priampu haihusiki.

Maiki isiyo na usikivu mkubwa. Maiki za dainamiki, zisizohitaji fantomu, hutoa umeme kidogo kuliko kondensa, ambazo huihitaji, na nyingine hutoa kidogo zaidi ya wenzake. Shure SM7B, inayopendwa kwa sauti za kuimba na kuongea, ina usikivu wa −59 dBV (kipimo kama dBu, ila chenye msingi tofauti), yaani milivolti 1.12 pale sauti inapokuwa desibeli 94 mbele yake. Ndiyo maana huhitaji gaini ya kama desibeli 60, na saundi kadi nyingi za bei ya chini zinaishia hapohapo.

Priampu yenyewe. Hapa tuweke hesabu mezani. Tuseme mtu anaimba kwa upole, na sauti inafika kwenye maiki ikiwa desibeli 74. SM7B itatoa takribani −77 dBu. Priampu nzuri ya saundi kadi ya kawaida ina kelele ya pembejeo (inayohesabiwa pale maiki inapoingia) ya karibu −128 dBu, hivyo sauti iko juu ya kelele kwa desibeli 51. Sasa chukua priampu ambayo haipo duniani, isiyotoa kelele yake yoyote. Bado kelele ya joto ya ukinzani wa omu 150, ambao ndio kipimo cha kawaida cha chanzo kama maiki, ni karibu −131 dBu. Hiyo ni sheria ya fizikia, na hakuna mtengenezaji anayeweza kuikwepa. Kwa hiyo priampu kamilifu kuliko zote ingekuongezea desibeli 3 tu. Kusogea kutoka sentimita 20 hadi 10 kumekupa 6, bure.

Kwa kondensa, hoja ya priampu inadhoofika zaidi. Kondensa ya kiwambo kikubwa (utando unaotikiswa na sauti) yenye usikivu wa milivolti 25, ikipokea sauti ileile ya desibeli 74, hutoa karibu −50 dBu. Hiyo ni desibeli 78 juu ya kelele ya priampu. Lakini chumba cha nyumbani kilichotulia kina kelele ya kama desibeli 30, hivyo sauti yako iko juu ya kelele ya chumba kwa desibeli 44 tu. Kelele unayoisikia ni ya chumba. Kubadilisha priampu hapo hakutabadilisha chochote kinachosikika.

Usiniamini kwa maneno, pima mwenyewe. Rekodi nusu dakika ya ukimya kwa kondensa yako, gaini ikiwa ileile unayoimbia. Kisha, bila kugusa nobu ya gaini, zima fantomu, subiri sekunde kadhaa, chomoa kondensa na uchomeke maiki ya dainamiki. Ifunike kwa nguo nyingi ndani ya droo, funga droo, rekodi nusu dakika nyingine. Kilichobaki kwenye rekodi hiyo ya pili, karibu chote, ni kelele ya priampu. Weka rekodi mbili sambamba kwenye programu yako na utazame mita. Kama ya droo iko chini sana kuliko ya kwanza, priampu yako haina hatia na unaweza kuacha kuifikiria.

Zipo hali ambazo kweli ina hatia. Matundu ya maiki ya kamera, ya kompyuta, na ya baadhi ya mikseri za zamani yana kelele nyingi. Saundi kadi nyingine ni safi hadi nobu ya gaini inapokaribia mwisho, kisha kelele inaruka ghafla. Kwa mwenye maiki ya dainamiki au riboni (maiki ya utepe mwembamba wa chuma) anayerekodi kitu chenye sauti ya chini, kikuza-sauti kidogo cha katikati ya kebo kinachotumia umeme wa fantomu kitaongeza kama desibeli 20 hadi 25 na kukuwezesha kuweka gaini mahali ilipo safi. Ni suluhisho la maana, na ni nafuu kuliko priampu mpya. Ila usikitumie na kondensa: kwa kawaida vifaa hivi hutumia fantomu vyenyewe wala haviipitishi hadi kwenye maiki.

Ikiwa "shhh" inabaki vilevile hata gaini ikiwa chini kabisa, au chaneli moja inatoa mlio kama wa kitu kinachokaangwa unaokuja na kupotea kifaa kinapopata joto, huenda kuna kijenzi kinachokufa ndani. Hapo acha, mpelekee fundi wa vifaa vya sauti.

## Sauti ni ndogo hata gaini ikifika mwisho

Kagua kwa mpangilio huu, na mara nyingi hutafika nusu.

Fantomu haijawashwa. Kondensa bila volti 48 hutoa ukimya, au sauti hafifu iliyopasukapasuka.

Kebo si sahihi. Hili limewapotezea watu wengi jioni nzima. Saundi kadi nyingi zina tundu la pamoja linalopokea XLR (plagi ya pini tatu) na jeki ya milimita 6.35. Ukitumia kebo yenye XLR upande wa maiki na jeki upande wa saundi kadi, kwa kawaida jeki huingia kwenye njia ya laini au ya gitaa. Gaini ya maiki hupati, fantomu nayo haifiki. Kebo ya maiki iwe XLR pande zote mbili.

Unaimbia upande usiofaa. Kondensa nyingi za kiwambo kikubwa hupokea sauti kwa ubavu, upande wenye nembo, na si kwenye kichwa kama maiki za jukwaani. Anayeimbia juu yake au mgongoni kwake hupata sauti ya mbali iliyofubaa.

Swichi ya pedi imewashwa, kwenye maiki au kwenye saundi kadi, na inakula desibeli 10 au 20.

Au hakuna tatizo lolote. Kwenye rekodi ya biti 24, wastani wa karibu −18 kwenye mita na vilele vya −10 hivi ni sawasawa kabisa. Wimbo uliokamilika umeshabanwa na kupandishwa. Usiulinganishe na rekodi mbichi. Pandisha sauti ya hedifoni, acha gaini.

Baada ya hayo yote ndipo linakuja suala la gaini isiyotosha. Soma kwenye maelezo ya saundi kadi yako kiwango cha juu cha gaini. Ikiwa ni desibeli 50 na kidogo, nawe una maiki ya aina ya SM7B au riboni isiyo na umeme, na unachorekodi ni gitaa linalopigwa kwa vidole au sauti ya chini, basi umefika kwenye mojawapo ya hali ambazo priampu yenye gaini zaidi, au kile kikuza-sauti cha kebo, ni hitaji la kweli.

## Kuna mvumo au "zzzz" ya umeme

Mvumo mnene wa chini hufuata umeme wa ukutani, hezi 50 au 60 kulingana na nchi. Ule mkali wa "zzzz" huwa ni wa mara mbili yake na zaidi, na hutoka kwenye swichi za kupunguza mwanga, adapta, na vifaa vinavyorudishiana umeme kupitia waya wa ethi.

Jaribio la kwanza kwa mwenye laptopu: chomoa chaja, endelea kwa betri. Mvumo ukitoweka, tatizo ni njia ya ethi kati ya chaja, saundi kadi na pengine spika. Chomeka vifaa vyote kwenye ubao mmoja wa soketi na utumie kebo zenye mizani (zinazobeba sauti kwa waya mbili ili kufuta mvumo), XLR au jeki ya migusano mitatu, kwenda kwenye spika.

Jaribio la pili: shika maiki, igeuze, isogeze. Mvumo ukibadilika kadiri unavyogeuka, maiki inanasa sumaku kutoka kwenye transfoma au adapta iliyo karibu. Maiki za dainamiki na riboni hunasa zaidi, na picapu za gitaa ndizo zinazoongoza. Isogeze mbali, mvumo utapungua.

Jaribio la tatu: badilisha kebo. Ndani ya XLR, pini ya 1 ni ethi, ya 2 na ya 3 hubeba sauti. Waya wa pini ya 1 ukikatika mvumo huingia, na ya 2 au ya 3 ikikatika sauti hupungua na kuwa nyembamba. Tikisa kebo kwenye shingo ya plagi wakati unasikiliza, maana hapo ndipo hukatika.

Ile "trrr-trrr" ya vipande vipande ni simu. Iweke chumba kingine.

Simama hapa ukihisi umeme. Ukigusa maiki kwa midomo au nyuzi za gitaa kwa mkono ukahisi kutekenywa na umeme, weka chini kila kitu, zima swichi kuu, wala usirekodi tena kwenye soketi hiyo hadi fundi umeme aliyesomea apime ethi ya nyumba. Na kamwe usikate pini ya ethi ya plagi, wala kuikwepa kwa adapta, ili kuondoa mvumo. Inaondoa mvumo kweli, na inaondoa pia kinga muhimu iliyopo kati ya hitilafu ya umeme na mwili wako.

## Sauti inapasuka au inakwaruza

Tazama mchoro wa sauti kabla ya kufanya lolote. Vilele vikiwa vimekatwa juu kama vimepigwa wembe, sauti imezidi mahali fulani. Vikiwa vimekatwa hivyo hata pale mita inapoonyesha −6 au −8, ujue imezidi mapema, kwenye maiki au kwenye priampu, kisha ikapunguzwa baadaye. Kushusha feda kwenye programu hakuwezi kurejesha kilichokatwa.

Gaini kubwa kupita kiasi ndiyo sababu ya kawaida. Mwimbaji hupima gaini akiwa amekaa, anaimba beti la kwanza kwa utulivu; kikifika kiitikio anasimama na kupaza sauti, na kunakuwa na tofauti ya desibeli 10 au zaidi. Pima gaini kwa sehemu ya juu kabisa ya wimbo, vilele viishie −10. Gaini ikiwa chini na bado inapasuka mbele ya ngoma au ampu ya gitaa, washa pedi ya maiki, kwa sababu maiki yenyewe ndiyo inayozidiwa.

Vishindo vya "p" na "b" si kupasuka, ni pumzi. Weka kichujio cha kitambaa sentimita chache mbele ya maiki, na uigeuze maiki kidogo ili pumzi ipite pembeni.

Vipande vya "tk, tk" vinavyotokea bila mpangilio ni vya kompyuta. Ongeza bafa (kipande cha sauti ambacho kompyuta hukihifadhi kwa muda kabla ya kukichakata) kutoka sampuli 128 hadi 256 au 512, funga programu nyingine, sasisha draiva. Bafa kubwa inachelewesha sauti kwenye hedifoni: sampuli 256 kwa kasi ya 48 kHz ni milisekunde 5.3 kwa kila upande. Ucheleweshaji huo ukikusumbua, tumia usikilizaji wa moja kwa moja wa saundi kadi. Priampu mpya haitagusa chochote hapa.

Kondensa inayotoa vilio na vipasuko visivyohusiana na sauti yako, hasa siku zenye unyevunyevu, imepata unyevu kwenye kiwambo. Iondoe kwenye umeme, iweke siku nzima ndani ya chombo kilichofungwa chenye vifuko vya silika. Usiipulize, usiikaushe kwa mashine ya nywele, usifungue wavu wake. Isipopona, kiwambo kinahitaji mtaalamu. Uchafu wake haufutwi kwa kitambaa.

## Sauti ni nyembamba, ina mwangwi, au iko kama ndani ya kopo

Hapa ndipo pesa nyingi hupotea. Mtu anasikia rekodi yake haina mwili, anahitimisha kuwa priampu yake ni "baridi", ananunua nyingine, na rekodi inayofuata inatoka vilevile kwa sababu maiki na chumba havikubadilika. Priampu za kawaida, hata zile ndogo za ndani ya saundi kadi, hupitisha masafa yote tunayoyasikia kwa tofauti ndogo isiyofika hata desibeli moja. Maiki mbili za aina tofauti zinaweza kutofautiana kwa desibeli kadhaa katika masafa ya juu. Chumba kidogo kinaweza kupandisha noti moja ya besi na kuimeza nyingine kwa zaidi ya desibeli 10.

Anza na kuta. Piga kofi moja mahali unaporekodia. Ukisikia mlio mfupi wa "tzing" baada ya kofi, huo ndio uliomo kwenye kila neno unaloimba. Tundika mablanketi mazito au duveti nyuma na pembeni ya mwimbaji, ukiacha nafasi ya sentimita kadhaa kati ya kitambaa na ukuta. Sponji nyembamba za kubandika ukutani hunyonya masafa ya juu peke yake, hivyo chumba hubaki na mvumo wake wa chini na sauti hufubaa.

Kisha meza. Hili halizungumzwi vya kutosha. Maiki ikiwa juu ya meza tupu, sauti hufika mara mbili: moja kwa moja kutoka mdomoni, na nyingine baada ya kugonga meza. Njia ya pili ikiwa ndefu zaidi kwa sentimita 34, inachelewa milisekunde moja, na sauti hizo mbili zinafutana kwenye 500 Hz, 1500 Hz, 2500 Hz na kuendelea. Hicho ndicho kile kiini cha "kopo". Tandika taulo nene, inua maiki, au ondoka kabisa mezani. Sikiliza tofauti, utaipata kwa dakika mbili.

Kisha mahali maiki ilipo. Chukua gitaa la akustika. Maiki ikitazama tundu kutoka karibu, besi inavuma na kumeza noti. Isogeze itazame karibu na pale shingo inapokutana na mwili, kwenye usawa wa freti ya 12, umbali wa sentimita 25 hivi, na nyuzi zinatokeza. Igeuze kidogo kuelekea mwilini, uzito unarudi. Mabadiliko hayo ya mkono mmoja ni makubwa kuliko tofauti ya priampu mbili safi zozote unazoweza kuzinunua. Kwa sauti ya kuimba, kumbuka pia kwamba maiki za upande mmoja huongeza besi unapozisogelea. Anayetaka mwili zaidi asogee, anayepata mvumo arudi nyuma.

Kagua swichi ya kukata besi kwenye maiki. Ukirekodi kwa maiki mbili, geuza polariti ya moja (chanya iwe hasi na hasi iwe chanya) na usikilize: besi ikijaa ghafla, zilikuwa zinafutana. Zitenganishe kwa umbali usiopungua mara tatu ya ule ulio kati ya kila maiki na chombo chake.

Gitaa la umeme lililochomekwa moja kwa moja na kusikika limefubaa linahitaji tundu la ala, lenye impidansi (ukinzani kwa umeme wa sauti) ya karibu megaomu 1. Tundu la maiki lina kiloomu chache tu, na picapu inazidiwa na mzigo. Hapa tundu ndilo lenye makosa, na karibu kila saundi kadi ina swichi ya kulibadilisha. Riboni nazo huathirika kidogo kwa namna hiyo: baadhi hupoteza mwili zikiunganishwa kwenye priampu ya impidansi ya chini. Kwa mwenye riboni, priampu ya impidansi kubwa na gaini nyingi ni uamuzi wenye msingi.

Tahadhari ya riboni: fantomu kupitia kebo nzima ya XLR kwa kawaida haiidhuru, lakini kebo mbovu au paneli ya kuunganishia jeki inaweza kupeleka volti upande mmoja na kuunyoosha utepe wake. Zima fantomu kabla ya kuichomeka. Utepe ukishanyooka, usijaribu kuurudisha mwenyewe.

## Sauti ni safi, lakini "haina joto"

Lalamiko hili nalichukulia kwa uzito, kwa sababu mara nyingine ni la kweli. Priampu kama Neve 1073, iliyobuniwa mwaka 1970, ina transfoma kwenye pembejeo na kwenye tokeo. Transfoma huongeza upotoshaji kidogo, zaidi kwenye besi, nao hukua kadiri unavyoisukuma. Priampu za vali, yaani zenye mirija ya kioo, nazo zina rangi yake. Lakini rangi hiyo hutokea unapozisukuma. Ukitumia 1073 kwa gaini ya kawaida, ukiwa umeacha nafasi kubwa juu, tofauti yake na priampu safi ni ndogo mno, na kwenye wimbo wenye ala nyingi watu wengi hawaitambui.

Kabla ya kununua, linganisha kwa haki. Usiimbe mara mbili, kwa sababu hakuna anayeimba sawasawa mara mbili. Cheza rekodi kavu ya sauti kupitia spika, weka maiki mbele yake, usiiguse tena. Rekodi kupitia priampu ya kwanza, kisha ya pili. Sawazisha viwango hadi tofauti isizidi desibeli 0.1, maana sikio huipendelea iliyo kubwa zaidi hata kwa nusu desibeli. Mwombe mtu mwingine azibadilishe bila kukuambia ipi ni ipi. Ukiitambua kila mara na ukaipenda, nunua kwa moyo mweupe. Ukishindwa, peleka pesa hiyo kwenye kuta za chumba au kwenye maiki inayoendana na sauti yako.

Na kama unachotaka ni ule mkwaruzo mtamu, hakikisha priampu ina udhibiti wa tokeo tofauti na wa gaini. Bila huo, ukiisukuma ipate rangi, saundi kadi itapasuka kabla yake. Ichomeke kwenye tundu la laini la saundi kadi. Ukiipitisha kwenye tundu la maiki unaikuza mara mbili, na hapo hutajua unasikiliza ipi.

## Mpaka wa kufanya mwenyewe

Chaneli moja ikiwa na tatizo na nyingine haina, badilishana maiki na kebo kati yao. Tatizo likihama na kebo, ni kebo. Likihama na maiki, ni maiki. Likibaki kwenye chaneli, ndipo unapoweza kuishuku kwa haki priampu au kitu kingine cha chaneli hiyo.

Usiifungue ikiwa ni ya vali. Ndani yake mna volti 200 hadi 300, na kapasita hushikilia chaji hata baada ya kuchomoa plagi. Harufu ya kuungua, moshi, fyuzi inayokatika tena baada ya kubadilishwa, au boksi la chuma linalotekenya mkono: chomoa ukutani, usiwashe tena hata kwa kujaribu.

Unapompelekea fundi, usiseme tu "ina kelele". Mpe rekodi fupi ya tatizo, mtajie chaneli, mahali nobu ya gaini ilipokuwa, maiki na kebo ulizotumia, na kama linaanza kifaa kikiwa baridi au kikishapata moto. Ikiwa ni priampu ya vali, mwambie pia imekaa muda gani bila kuwashwa, maana kapasita zilizolala miaka mingi hupaswa kuamshwa kwa volti inayopandishwa taratibu, asije akaichomeka moja kwa moja kwenye umeme kamili.